Parachuti layumba, kompyuta yasema limetulia

Wa Wete: Assalaam alaykum. Naiga kwenye kompyuta kisanduku cha kilo 5 kikidondoshwa, parachuti la duara la kipenyo cha mita 2, kigawo cha ukinzani (namba ya jinsi hewa inavyolizuia) 0.75. Hesabu: mita 6 kwa sekunde, wima. Nilipokidondosha kweli kwa droni kikabembea, kikagonga ubavu, chupa mbili zikavunjika. Nimekosea wapi?

Fundi Tanga: Wa alaykum salaam mwanangu. Kompyuta yako inakiona kitambaa kigumu kama bakuli. Hewa humwagika ukingoni upande huu, mara ule, ndipo kiyumbe. Toboa tundu utosini.

Mkoani: Na kusi je? Ukiachia mita 100 juu ni sekunde 17 hewani. Upepo wa mita 8 kwa sekunde utakisogeza mita 136!

Wa Wete: Nimetoboa, upana wa kiganja. Kimeshuka kimetulia! Ahsante sana, mzee wangu.