Mama anataka ualimu TEKU, mimi nataka sheria Iringa, nifanyeje?

Binti wa Kiwira: Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Nimemaliza form six HGL nina division two ya pointi 10, History C, Geo C, English D. Mama anauza ndizi hapa Kiwira na ni Mmoravian wa damu, anataka niende TEKU Mbeya nisome ualimu maana ni chuo cha kanisa letu na wikiendi narudi nyumbani. Mimi roho yote iko kwenye sheria, naona RUCU (Ruaha Catholic) na University of Iringa wote wanayo, ila mama anasema RUCU ni ya Wakatoliki watanibadilisha dhehebu 😂 Ada ndo kabisa, tunategemea mkopo. Nishaurini.

Mzee wa Mafinga: Kamwene binti. Hiyo ya dhehebu mtoe mama wasiwasi, hivi vyuo vinachukua watu wote, mwanangu Mlutheri kasoma RUCU na bado ni Mlutheri, na mpaka Waislamu wapo. University of Iringa ni ile Tumaini ya zamani, ya KKKT, Walutheri. Angalia kitivo unachoingia, jina la kanisa getini halikusomei mtihani.

Mwl Uyole: Mdogo wangu, History na Geo zako ni somo mbili za kufundishia, kwa ualimu zimekaa vizuri. Miaka 3 umemaliza. Ila usidhani ukimaliza unapangiwa shule kama zamani, siku hizi unaomba mtandaoni kwenye Ajira Portal ya serikali halafu usaili, mimi mwenyewe nimesota najitolea shule flani mwaka na nusu nalipwa nauli tu na nauli yenyewe wanaikumbuka wakitaka.

Learned wa Kyela: Sheria ni miaka 4 sio 3, halafu ukitaka uwakili kuna Law School Dar mwaka mwingine, na pale sio lelemama, 2022 kati ya 633 walifaulu 26 tu mpaka waziri akaunda kamati chini ya Mwakyembe, mtu wa kwetu. Na hiyo D ya English uiangalie kwa jicho kali mdogo wangu, kesi zote utazisoma kwa kiingereza, kurasa na kurasa. Sikukatishi tamaa, mimi niliingia na D hiyohiyo ila mwaka wa kwanza nililia.

Binti wa Kiwira: Duh asanteni. Sasa mkopo kwa chuo cha kanisa unatoka kweli?

Mwl Uyole: Unatoka, Bodi ya Mikopo haiangalii chuo ni cha kanisa au cha serikali. Ila usishangae ukipewa asilimia ya ada sio yote, inayobaki mama anatoa mfukoni, na ukiajiriwa wanakata 15% ya mshahara. Kwahiyo kabla ya kuomba kaa na mama mpige hesabu ya miaka 4, ada, chumba, na nauli, Mbeya Iringa ni zaidi ya kilomita 300 sio Kiwira Mbeya ya kudandia Coaster.

Learned wa Kyela: Na hakuna anayekuzuia kuomba kote, TEKU ualimu na Iringa sheria. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja unathibitisha kimoja kwa namba ya siri (code) ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Subiri Bodi watoe majina ndo ubishane na mama.

Binti wa Kiwira: Hapo kwenye kusubiri majina ya Bodi siwezi maana kuthibitisha kuna tarehe yake, ila kuomba kote nimekubali. Leo jioni naanza na mama, nitaanza na ile ya Mlutheri aliyebaki Mlutheri. Ndaga fijo.