Mrejesho: Furaha katika Bwana baada ya msiba

Bwana asifiwe, wapendwa. Niliuliza hapa namna ya kupata furaha katika Bwana baada ya kufiwa na mume wangu na duka letu la Mbale kufungwa. Asanteni sana kwa majibu na maombi.

Dada uliyenielekeza Habakuki 3:17-18, Mungu akubariki. Nabii yule hakungoja mtini uchanue ndipo ashangilie. Alitaja kwanza shamba lisilo na chakula na zizi lisilo na ng'ombe, kisha akasema atamfurahia Bwana. Hapo nikaona naweza kulia mbele za Mungu bila kujiona sina imani. Zaburi 13 nayo huanza kwa kilio, ikaishia kwa kuimba. Naisoma kila usiku.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni ushirika wa Balokole, yaani Wakristo waliookoka wa uamsho wa Afrika Mashariki. Wanashuhudia, wanaimba, na walikuja kupalilia nami maharage!

Kufunga nilijaribu, nikaacha kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Duka bado, na Jumapili jioni huzuni hunirudia. Lakini kuimba ninaimba tena, hata nikiwa peke yangu jikoni. Mliofiwa, msikae wenyewe. Tafuteni watu wa kusali nao.