Kibao cha mashine ya kukatia nyama, mbao gani inafaa?

mtoto_wa_Ipuli: Wakuu habari za jioni. Nina kamashine kangu ka kukatia nyama slesi, ka kuzungusha kwa mkono, kitrei chake cha plastiki kimepasuka sasa nataka nichongeshe kibao kikae pale chini kipokee nyama. Niko Tabora mjini, fundi mmoja anasema mninga, mwingine anasema paini, kisa bei chee. Nichukue ipi?

bibi_jikoni: Paini achana nayo mwanangu, laini mno, kisu kikiigusa tu inachimbika vimifereji damu inajificha humo, mi changu kilianza kunuka hata mwezi hakijamaliza nikakitia jikoni kikaivisha maharage 😂 Mninga hauvimbi wala kupinda hovyo ukilowa.

seremala77: Mninga. Ila asipige vanishi, wala mafuta ya kula usipake yanachacha. Yeyusha nta ya nyuki upake kibao kikiwa na joto, we si uko Tabora bwana, nta ndo kwenu! Na aache upenyo kisu kisiguse mbao, kitakuwa butu.

bibi_jikoni: Na usikiloweke kwenye beseni, kitapinda. Osha, futa, kisimamishe kivulini.

mtoto_wa_Ipuli: Shukrani bibi, kesho naenda kwa fundi.