Auto Scaling ya EC2: mstari wa CPUCredits kwenye bili unatoka wapi?

mzee_wa_seva
Wakuu, naomba kueleweshwa. Nina kundi la Auto Scaling kwenye EC2 (seva za kukodi za wingu la Amazon, AWS; kundi huongeza na kupunguza seva lenyewe), kanda ya us-east-1, seva za t3.medium za Linux, chache zaidi 2, nyingi zaidi 8, sera ya kufuata lengo: wastani wa CPU 50%. Bei ni dola 0.0416 kwa saa. Nikizidisha saa zote kwa bei hiyo sifikii bili, kuna mstari wa CPUCredits juu yake. Halafu seva huongezeka haraka, ila wateja wakiondoka zinachelewa sana kupungua. Ndivyo inavyotakiwa?

hesabu_za_wingu
Mkuu, shida ni hiyo 50%. t3.medium ina vCPU (kichakataji pepe) 2, na bei ile inakupa 20% tu ya kila moja kwa kutwa nzima. Kwa saa inachuma krediti 24 (haki ya kutumia CPU), na krediti 1 ni vCPU moja kwenda kwa 100% dakika 1. Ikikaa kwenye 50% inatumia krediti 60. Toa 24, umekopa 36, yaani saa 0.6 ya vCPU. Aina ya t3 huja ikiwa kwenye hali ya unlimited (inaruhusiwa kukopa krediti), ambapo saa ya vCPU ya ziada ni dola 0.05. Kwa hiyo unaongeza 0.03 kila saa, na seva ya 0.0416 inakuwa ya 0.0716.

Kundi linalopanuka na kusinyaa ndilo linaloumia zaidi. Seva inayowaka siku zote hukopa mchana na kurudisha usiku ikiwa imetulia, bila kutozwa. Iliyowashwa asubuhi ikaondolewa jioni haina usiku wa kurudisha: inapofutwa, deni lote linaingia kwenye bili. Na seva mpya ya t3 haizaliwi na akiba yoyote ya krediti.

Ningehamia c6g.large: dola 0.068, vCPU 2, kumbukumbu (RAM) ya GiB 4 ileile, CPU yote ni yako. Sharti programu na picha ya diski ziwe za ARM, yaani aina ya kichakataji cha seva hiyo. Kama lazima x86 (aina ya kichakataji cha Intel na AMD), c5.large ni 0.085, lakini hapo unaweza kupandisha lengo hadi 65% au 70% na ukahitaji seva chache.

mzee_wa_seva
Nikiitoa kwenye unlimited na kuiweka standard (isiyokopa), si mstari huo utaisha?

hesabu_za_wingu
Utaisha, ila usifanye hivyo kwa kundi hili. Krediti zikiisha seva inabanwa kwenye 20%, na kipimo cha CPU nacho kinasoma 20%. Lengo lako ni 50%, kwa hiyo kundi linaona kuna nafasi tele na haliongezi seva, huku maombi ya wateja yakipanga foleni.

fundi_kengele
Niongezee kuhusu kuchelewa. Sera hiyo ya kufuata lengo hujiundia kengele mbili za CloudWatch, huduma ya AWS ya kufuatilia vipimo. Ya kuongeza inalia baada ya vipimo 3 vya dakika moja juu ya lengo. Ya kupunguza inataka vipimo 15 mfululizo vilivyo chini ya lengo kwa nafasi ya kutosha. Imefanywa hivyo makusudi, ili kundi lisiyumbeyumbe. Usizihariri kengele hizo kwa mkono, zinamilikiwa na sera. Washa vipimo vya kila dakika, maana vya kawaida ni vya kila dakika 5, na kwa usiku panga ratiba inayoshusha idadi.

Jambo jingine ambalo wengi hulifanya: kuzima seva ya kundi kwa mkono ili kuokoa pesa. Kundi linaiona ni mgonjwa, linaifuta na kuwasha nyingine. Shusha idadi inayotakiwa badala yake. Na kama programu inakufa inapoanza, mzunguko huo haukomi, kila seva ikitozwa angalau sekunde 60.

Kuhakiki mstari wa CPUCredits, fungua Cost Explorer (chombo cha AWS cha kuchambua gharama), panga kwa aina ya matumizi, tafuta CPUCredits:t3. Kwa kila seva, angalia kipimo cha CPUSurplusCreditsCharged (krediti za mkopo zilizotozwa) kwenye CloudWatch.