Kuh: Sera ya usafirishaji kwa duka la mtandaoni

Ndugu wanajumuiya,

Nimefungua duka la mtandaoni la nguo na vitabu vya watoto, na maagizo yameanza kuja kutoka nchi nyingine. Naomba ushauri wa namna ya kuandika sera ya usafirishaji. Je, yatosha kusema kwamba wajibu wangu unakoma nikishaukabidhi mzigo kwa msafirishaji?

*

Dada yetu,

Nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye hatari kubwa. Haitoshi. Ukiwauzia walaji wa Umoja wa Ulaya, ambako sheria inafuata Maelekezo ya 2011/83, au wa Uingereza chini ya Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, hasara ya mzigo kupotea au kuharibika njiani hubaki kwa muuzaji mpaka mlaji aupokee mkononi, isipokuwa pale alipojitafutia mwenyewe msafirishaji ambaye wewe hukumpendekeza. Kwa hiyo ingiza bima katika nauli tangu mwanzo, eleza mteja akuarifu kwa njia gani kifurushi kisipofika, na uahidi kumtumia kingine au kumrejeshea fedha. Madai dhidi ya msafirishaji ni yako, usimtwishe mteja.

Jambo la pili ni forodha, na hapa ndipo sera nyingi huteleza kwa kusema tu kwamba "huenda ushuru ukatozwa". Tamka ni nani atakayelipa. Ama wewe hulipa mapema na kuonyesha kiasi hicho kabla mteja hajakamilisha malipo, ama yeye hulipa mzigo unapofika, na asipojua hivyo mapema ataukataa, nao utarudi kwa gharama yako. Usinakili sera ya zamani ya duka jingine, maana misamaha imebadilika: Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa bidhaa zisizozidi euro 22 tarehe 1 Julai 2021, na Marekani ikasitisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 tarehe 29 Agosti 2025. Andika pia, bila kuona haya, kwamba hutakubali ombi la kutaja bidhaa kuwa zawadi au kupunguza thamani yake katika fomu ya forodha.

Kuhusu muda, tenga siku za kuandaa agizo na siku za safari, kwa sababu za kwanza unazimudu wewe na za pili huzimudu. Nauli nayo ikokotoe kwa kupima boksi, si kwa mizani peke yake: wasafirishaji wengi wa ndege huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakagawanya kwa 5,000, kisha wakatoza uzito ulio mkubwa zaidi. Boksi la 40 kwa 30 kwa 20 huhesabiwa kilo 4.8 hata kama nguo zilizomo zina kilo 2.

*

Ndugu zangu,

Naongeza moja tu. Mlaji wa Umoja wa Ulaya ana siku 14 tangu apokee mzigo za kughairi ununuzi wa mtandaoni bila kutoa sababu, na fedha utakazomrejeshea ni pamoja na nauli ya kawaida aliyolipa mwanzoni. Nyongeza ya usafirishaji wa haraka hulazimiki kuirejesha. Gharama ya kurudisha bidhaa unaweza kumwachia, mradi umemjulisha kabla hajanunua, vinginevyo utaibeba wewe.