MJADALA: Mafunzo ya kuzuia unajisi (dhuluma ya kingono kwa watoto) yaanze na mtoto darasani au na mtu mzima barazani?

Mleta mada, Kisumu
Wadau, mashirika na makanisa yanaingia shuleni hapa Kisumu, Siaya na Kakamega kufundisha watoto kujikinga. Kwenye baraza la chifu, mada hiyohiyo inabanwa mwishoni watu wakishasimama kuondoka. Katika utafiti wa kitaifa wa 2010, asilimia 32 ya wanawake wa miaka 18 hadi 24 walisema walidhulumiwa kingono kabla ya kufika 18, na wanaume asilimia 18. Ule wa 2019 ulipata 15.6 na 6.4. Bado ni wengi mno. Kama pesa zinatosha upande mmoja tu, ziende wapi?

Mwalimu, Ahero
Darasani, ila si ule mkutano wa shule nzima uwanjani, spika zinanguruma kisha watu wanapanda gari. Darasa moja moja, kuanzia Gredi ya kwanza, dakika 30, mara moja kwa wiki, wiki sita, halafu marudio muhula unaofuata. Anza na majina halisi ya viungo, maana mtoto anayejua majina ya kuficha tu akiripoti haeleweki, hata mahakamani. Kisha siri: zawadi ya mama itajulikana kesho, hiyo haina neno; siri isiyo na mwisho, tena ya vitisho, hiyo inasemwa. Mwisho kila mtoto ataje watu wazima watatu wa kuambiwa, mmoja asiwe wa nyumba hiyo. Anayenajisi mara nyingi ni mtu anayejulikana: mjomba, jirani, wa tuisheni, wa boda anayempeleka shule.

Mzazi, Nakuru
Gredi ya kwanza, mwalimu? Mnawafungua watoto macho kabla ya wakati. Hayo yalikuwa ya shangazi na nyanya.

Mwalimu, Ahero
Ngono haimo humo. Ni kama kumfundisha kuvuka barabara, humwelezi injini ya lori. Na shangazi siku hizi yuko Nairobi.

Muuguzi, Kisumu
Mwalimu, kuna nusu umeiacha. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za afya, yalipima majaribio 24 ya mafunzo ya shuleni. Watoto walijua zaidi na walifanya vizuri kwenye mazoezi, lakini kwamba dhuluma yenyewe ilipungua, hilo halikuthibitishwa. Mtoto wa miaka saba atamkatalia vipi mtu mzima anayemlisha?

Mambo huharibikia hatua ya pili: mtoto amesema, mtu mzima anavuruga. Mama anamwogesha kwa huruma, ushahidi unaenda na maji. Nguo zinafuliwa, au zinafungwa kwenye nailoni zinaota ukungu. Zinatakiwa zikauke kivulini, ziingie kwenye bahasha ya kaki au gazeti. Baya zaidi ni mahojiano. Shangazi anauliza, "Ni mjomba, siyo?" Mwalimu anauliza tena, mchungaji naye. Kufika kwa polisi mtoto ameshasimulia mara tano, kila mara tofauti kidogo, na wakili wa mshtakiwa anasubiri hapo hapo. Swali ni moja: "Niambie kilichotokea." Nyamaza, andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyasafishe.

Halafu hospitali kwanza. PEP, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, zianze ndani ya saa 72 na zimezwe siku 28. Msichana aliyebalehe apate kinga ya mimba ndani ya saa 120. Daktari ajaze fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, ambayo ina nakala ya polisi, ya mwathiriwa na ya hospitali. P3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ni bure, anayeitisha pesa anakuibia. Haya yote ni ya mtu mzima, na barazani hayasemwi.

Msaidizi wa kisheria, Kakamega
Muuguzi amesahau ng'ombe. Wazee wanakaa, familia inapewa fidia, kesi inaambiwa imeisha. Haijaisha. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 40, inasema familia haina uwezo wa kusitisha kesi. Uamuzi huo ni wa mkuu wa mashtaka. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha, 12 hadi 15 si chini ya miaka 20. Nyumba Kumi, zile kamati za usalama za mtaani, wafundishwe hilo, pamoja na namba 116 ya watoto, bure, usiku na mchana. Chifu naye afundishwe kufunga disko matanga, zile dansi za usiku msibani, kabla watoto hawajapotelea gizani.

Mzazi, Nakuru
Ya baraza nayaunga mkono. Lakini Gredi ya kwanza mniletee barua ya ridhaa nitie sahihi, ama mwanangu atoke darasani.

Muuguzi, Kisumu
Barua ya ridhaa hapana, mzee wangu. Kama anayemuumiza mtoto yuko ndani ya nyumba, huyo ndiye wa kwanza kukataa kutia sahihi. Mtoto mmoja aliyehitaji kipindi hicho ndiye atakayekuwa nje akicheza.

Mwalimu, Ahero
Wazazi waitwe wiki mbili kabla. Waone picha na maneno yote tutakayotumia, na anayetaka akae dawati la nyuma siku ya kipindi. Kumtoa mtoto hakuna.

Mzazi, Nakuru
Nitakaa dawati la nyuma. Picha nizione kwanza.