Kola ya marinda matatu ya Fanny kwenye Bright Star: mbona inalala?

Pindo_na_Pini

Wakuu, naomba msaada wa wanaojua mavazi ya enzi za mshairi Mwingereza John Keats. Kwenye filamu ya Bright Star ya Jane Campion (2009), Fanny Brawne, mpenzi wa Keats, anajigamba kwamba gauni lake ndilo la kwanza Woolwich na Hampstead (maeneo ya London) kuwa na kola ya uyoga yenye marinda matatu. Inatakiwa kola kama hiyo kwa ajili ya igizo. Jaribio la kwanza lilikuwa hivi: kitambaa cha mchanganyiko wa poliesta na pamba, shingo sm 36, matabaka matatu, marinda yamepigwa kwa cherehani, ndani kuna kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi. Matabaka mawili yanalala, la tatu limekakamaa kama bati. Kosa liko wapi? Na Fanny wa kweli alivaa hivyo, au ni mambo ya sinema?

Melimeli

Kosa lipo kwenye kitambaa, mkono wako hauna shida. Poliesta hainywi wanga, kwa hiyo ukapachika ugumu wa gundi badala yake, na gundi haijui kupinda. Toa yote mawili. Chukua melimeli ya pamba tupu, nyepesi, upana sm 114. Nusu mita inatosha na inabaki ya kujaribia.

Hesabu yake: rinda moja la sm 1 linakula sm 3 za kitambaa, kwa hiyo shingo ya sm 36 inataka marinda 36, yaani sm 108. Ongeza sm 1 kila mwisho, unapata ukanda wa sm 110. Kata kanda tatu za kimo cha sm 9.5, 8 na 6.5. Ukishatoa sm 1 ya mshono na nusu sentimita ya pindo, zinabaki 8, 6.5 na 5. Mkanda wa shingo ni sm 40 kwa 7, unakunjwa katikati.

Kata kanda zako kutoka ukingo hadi ukingo wa kitambaa, usizikate kwa urefu wa jora. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Nyuzi za urefu ndizo imara zaidi. Ukikata ukingo hadi ukingo zinasimama wima ndani ya rinda na kulishikilia. Ukikata kinyume, hata wanga uwe mzito vipi, kola itainama.

Pindo kwanza, marinda baadaye. Sokota ukingo kwa vidole na uushone kwa mkono, uzi umepitishwa kwenye nta ya nyuki. Pindo la cherehani linaacha ukingo mzito unaovuta rinda chini. Isitoshe, cherehani ya Thimonnier ilipata hataza Ufaransa mwaka 1830, miaka 9 baada ya Keats kufa.

Tia alama kila sm 1 kwa penseli hafifu, usikadirie kwa jicho. Ukikosea milimita 1 kwa kila rinda, mwisho wa safari umepoteza sm 3.6 na kola haifungi. Piga bandi mistari miwili kabla ya kugusa mkanda.

Pindo_na_Pini

Asante sana. Ila pale kwenye mkanda kitambaa kinakuwa kinene mno, sindano inakataa.

Melimeli

Ni kweli, una unene wa vitambaa 9 kabla hata ya mkanda. Usiyashone matabaka yote kwenye mstari mmoja. Shusha kila tabaka milimita 3 chini ya lenzake, kisha punguza kingo za ndani kwa mkasi, kila moja kwa kimo chake. Tabaka refu liwe chini kabisa.

Wanga: vijiko 2 vya chakula vya wanga wa mahindi kwa nusu lita ya maji. Ukoroge kwanza na maji baridi kidogo, ndipo umimine yale yanayochemka, na uupike mpaka uache kuwa mweupe kama maziwa. Usipoiva utaacha magamba meupe na kuganda kwenye pasi. Chovya kola, ikamue ndani ya taulo, isubiri iwe na unyevu tu. Piga pasi kuanzia mkandani kwenda nje, lakini ishia nusu ya kimo! Ukilaza rinda hadi ukingoni, umbo la uyoga limekwisha. Nusu iliyobaki ifungue kwa kijiti cha mviringo, rinda kwa rinda, halafu ivalishe kola juu ya bakuli lililofunikwa chini juu mpaka ikauke kabisa.

Hampstead1819

Kuhusu Fanny wa kweli: kola ni ya sinema (mavazi ni ya Janet Patterson, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo), lakini kupenda mitindo si kwa kubuni. Desemba 1818 Keats alimwandikia mdogo wake George, aliyekuwa amehamia Marekani, akimwelezea binti huyu kwa mfululizo wa sifa: mrembo, mwenye madaha, mpuuzi, mtu wa fasheni, wa ajabu. Fanny alikuwa na miaka 18. Aprili 1819 familia yake ikahamia nusu ya pili ya Wentworth Place, nyumba aliyoishi Keats, ukuta mmoja tu kati yake na mshairi. Na kola zenye matabaka zilikuwa zikivaliwa kweli miaka hiyo.

Angalia pia sindano inavyofanya kazi kwenye filamu. Inaanza na sindano ikipenya kitambaa, imekuzwa mpaka nyuzi zinaonekana kama kamba. Fanny anasema wazi kwamba ushonaji wake unaweza kuingiza pesa, mbele ya mwanamume ambaye ukata ndio uliomzuia kumwoa. Kwa hiyo mwigizaji wako asiivae kola kama pambo tu. Aivae kama fundi anayejua bei ya kazi yake.

Kama igizo linafika mwisho wa hadithi, andaa na gauni jeusi. Keats alifariki Roma tarehe 23 Februari 1821, habari zikafika Hampstead mwezi Machi. Tumia sufu nyepesi isiyong'aa, na usiipige pasi moja kwa moja, weka kitambaa chenye unyevu katikati, la sivyo mishono yote itameta kwenye taa.

Pindo_na_Pini

Na kola ifungweje? Zipu haiwezekani, najua.

Melimeli

Utepe wa pamba wa milimita 6, vipande viwili, fundo nyuma. Usiishone moja kwa moja kwenye gauni. Ishikize kwa mishono mirefu ya kutatulika. Jasho la onyesho moja linatosha kulainisha wanga, na hutaki kufua gauni zima kwa sababu ya shingo.